Nimebadilisha Matumbo Yote ya Kompyuta ya Baba Mkwe, na Sasa Anakuja Kuiwasha

Shikamoo mshauri wetu. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla ya kunigombeza, kwa sababu jambo hili nilijaribu kumweleza rafiki yangu mmoja akacheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi za watu, na mimi wa kunicheka ninao wa kutosha, ninachotafuta ni mtu wa kunitoa hapa nilipo kabla ya mwisho wa mwezi, kwa maana ndipo baba mkwe wangu anapokuja.

Mimi ni mpiga video wa harusi na mahafali, na mke wangu ndiye mhariri, yaani mimi nakimbizana na maharusi kamera begani na yeye anakaa ofisini kwetu, chumba kimoja tulichopanga juu ya duka la viatu, anakata, anaunga, anaweka muziki, mpaka bwana harusi aliyenuna kutwa nzima anatokea kwenye video akiwa na furaha kuliko bibi harusi. Kompyuta anayofanyia kazi hiyo tulipewa na baba yake siku tulipofungua ofisi. Baba mkwe ni mpima ardhi mstaafu, mtu anayependa vitu vikae kwenye mstari, na alinunua kompyuta mbili za mezani zinazofanana kama mapacha, moja akabaki nayo nyumbani kwake na nyingine akatuletea sisi ikiwa kwenye boksi lake na plastiki zake, akakataa katakata nisimsaidie kuipandisha ngazi, akaiweka mezani, akasema maneno machache kuhusu kazi na uaminifu, kisha akabonyeza kitufe cha kuwashia kwa kidole gumba kama kiongozi anayezindua daraja, na sisi tukapiga makofi. Tangu siku hiyo kila akija lazima aiwashe yeye. Hata akiikuta inafanya kazi anamwambia mke wangu, "Izime kwanza, mwanangu, niiamshe mimi," na mke wangu anaizima, na kama kuna mteja, mteja anasubiri.

Sasa, mshauri, kompyuta ikazeeka. Kamera za siku hizi zinatoa video nzito, ikawa mke wangu akibonyeza kitu anaweza kwenda kuosha vikombe, akavikausha, akarudi akakuta kile kiduara bado kinazunguka, na mwishowe ikaganda katikati ya busu la maharusi wakati maharusi wenyewe wamekaa pale kwenye viti vyetu wanajitazama, midomo imefika nusu ya safari, na bibi harusi akaniuliza kwa upole kama hiyo ndiyo nakala watakayopewa.

Hapo ndipo ulipoanza ugomvi wa nyumba yetu. Mke wangu alisema tuifungue, tuongeze memori, tubadilishe diski, basi, kompyuta ni nzima na ina jina. Mimi nikasema hapana, mambo ya kuongezaongeza yamepitwa na wakati, tuunde yetu wenyewe, kifaa kwa kifaa, tukijua tumeweka nini ndani, maana nilikuwa nimeshatazama video nyingi sana za watu wanaounda na niliona hakuna cha kutisha, ni bisibisi moja na subira.

"Subira gani?" mke wangu akaniuliza. "Wewe rafu ya vyombo uliyoiunda mpaka leo inaegemea ukuta kama mlevi."

"Rafu ni mbao. Hii ni sayansi."

"Basi sayansi yako ianzie kwenye rafu, ikisimama tutazungumza."

Akampigia baba yake, akaweka simu kwa sauti ili nisikie vizuri, na baba mkwe akasema kwa ule utaratibu wake, "Mkwe wangu, kitu cha kiwandani kimefikiriwa na watu wengi walioketi chumba kimoja. Cha kuunda nyumbani kitafikiriwa na wewe peke yako. Nakuuliza tu, huoni tofauti?" Nikasema naiona, baba. Nikakubali yaishe. Tukapatana mimi na mke wangu kwamba nitaongeza memori na diski na sitagusa kingine, naye akaenda kukaa kidogo kwa dada yake aliyekuwa amejifungua, akaniacha mimi na kompyuta na ahadi.

Mshauri, naapa niliifungua kwa nia njema. Nilitandika taulo kwenye meza ya ofisini, nikafungua skrubu, nikaongeza memori kwenye nafasi iliyokuwa tupu, nikatoa ile diski ya zamani inayozunguka nikaweka ya kisasa isiyozunguka, nikaiwasha, na kweli ikaamka upesi, lakini nilipoipa video ya harusi ikaanza kuhema kama mtu anayepanda ngazi na gunia, kwa sababu tatizo lilikuwa prosesa, yaani ubongo wenyewe, halafu haikuwa na kadi ya picha. Nikasema basi niongeze kadi ya picha tu, hiyo nayo si bado ni kuongeza? Kadi ikadai umeme mwingi kuliko unaotolewa na pawa saplai ya kiwandani. Nikanunua pawa saplai nyingine, nikakuta plagi yake haiingii kwenye mazabodi, ule ubao mkubwa unaounganisha kila kitu, kwa sababu kiwanda kile kiliamua kutumia plagi za umbo lake la peke yake. Nikanunua mazabodi nyingine. Mazabodi mpya ikaikataa prosesa ya zamani. Nikauza kamera yangu ya akiba, nikanunua prosesa. Hao wawili wakaungana kuikataa memori, hata ile mpya niliyotoka kuinunua. Siku moja mchana nikatazama mezani nikaona vitu vyote vya baba mkwe viko upande wa kushoto na vitu vyote vyangu viko upande wa kulia, na katikati limebaki kasha tupu lenye kitufe, ndipo nikaelewa kwamba nimeunda kompyuta.

Mtu mwenye akili angenunua kasha jipya akamsubiri mkewe mlangoni na ukweli. Mimi nilitaka akirudi akute kompyuta ileile. Kwa hiyo nikaanza kuviingiza vitu vyangu ndani ya kasha la baba mkwe, navyo havikutaka, ikabidi niazime mkasi wa bati kwa fundi wa mifereji nikakata mgongo wa kasha, na pawa saplai ikagoma kabisa kuenea, nikaiacha nje nyuma ya meza, nikapitisha nyaya kwenye tundu, nikaifunika kwa kile kitambaa cha maua tunachowekea vikombe wageni wakija. Ukiangalia kwa mbele huoni kitu. Tatizo moja tu, nyaya za kile kitufe zimeishia kwenye plagi ya kiwanda ambayo mazabodi yangu haiijui, kwa hiyo kitufe kipo lakini ni pambo. Kompyuta naiwasha kwa mpini wa kijiko cha chai. Napitisha mkono ubavuni, nagusisha kijiko kwenye zile pini mbili za mazabodi zinazongojea kitufe, inaamka.

Mke wangu aliporudi akaijaribu, ikaruka kama swala. Video iliyokuwa inamla siku nzima ikaisha kabla hajamaliza chai. Akainuka akanikumbatia, akasema, "Nilikwambia nini? Memori na diski! Nilikwambia nini mimi?"

Na mimi, mshauri, nikasema, "Ulisema."

Tangu hapo anamweleza kila mtu. Akija mteja, anamweleza. Akipiga simu dada yake, anamweleza, tena akiwa ananitazama mimi. Amemshauri hata mama wa fotokopi wa pale chini, mlango wa pili, naye maskini akaongeza memori kwenye kompyuta yake, kisha akatupandia ngazi akiwa amekunja uso. "Jamani, nyinyi mliweka memori ya wapi? Ya kwenu inakimbia, yangu inatambaa ileile." Mke wangu akageuka polepole na kiti chake, akanionyesha kwa kalamu, akasema, "Muulize huyu, ndiye fundi wetu. Hebu mweleze, mume wangu." Nikasema inategemea na umeme wa chumba na chumba. Mama wa fotokopi akatazama ukuta wetu, kisha akatazama soketi, akaondoka.

Kila asubuhi mke wangu ananiita, "Njoo uniwashie, mkono wako una bahati," nami nashukuru Mungu kwamba hajataka kubonyeza mwenyewe, naja na kijiko kwenye mkono wa shati, nakohoa kidogo ili usisikike mgongano wa chuma, inawaka, anasema asante. Hata joto la chumba amelizoea. Juzi alinunua feni ndogo, akaiweka nyuma ya meza ikielekea kwenye kile kitambaa, akasema huku nyuma kuna joto. Nikamwambia ni kweli, ni hali ya hewa.

Sasa sikiliza balaa lenyewe. Mke wangu amempigia baba yake amsimulie jinsi kompyuta yake ilivyopona, na mzee amefurahi mno, amesema atakuja mwenyewe mwisho wa mwezi, aiwashe, aione, halafu mke wangu akamwambia aje na ile pacha yake, mkwe wake ataitengeneza vilevile. Ndani ya kompyuta hiyo zimo picha zote za marehemu mama mkwe na sauti yake akisimulia mambo ya utotoni, mzee alimrekodi mwenyewe kabla ugonjwa haujamzidi, na hana nakala mahali pengine popote. Ameniambia kwenye simu, "Nakuletea wewe kwa sababu umeshaonyesha kwamba unajua kuongeza bila kuharibu." Mshauri, nikamjibu, karibu baba.

Nimewaza mambo matatu. La kwanza, siku hiyo nizime swichi kuu niseme umeme umekatika. La pili, nirudishe vitu vya zamani ndani, maana ninavyo kwenye sanduku chini ya kitanda, aje abonyeze, aondoke, kisha nibadilishe tena. La tatu, nitafute njia ya kukiunganisha kile kitufe ili kifanye kazi, ninyamaze milele. Naelekea la tatu. Na bado nauliza, maana roho inaniuma, hivi kompyuta ile bado ni zawadi yake au si yake tena? Na ni nani hasa aliyekuwa sahihi, mimi niliyetaka kuunda au wao waliotaka kuongeza?

Ni mimi, Mkwe Mwenye Kijiko.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimekusikiliza mpaka mwisho kama ulivyoomba, kwa hiyo sasa ninayo ruhusa ya kukugombeza.

Kabla ya mke na kabla ya mkwe, ondoa kile kitambaa. Ondoa leo. Pawa saplai ndiyo inayopokea umeme mkali wa ukutani na kuupunguza ufae vifaa vidogo, na katika kazi hiyo inapata joto, ndiyo maana waliitengeneza ikiwa na feni yake na matundu yake. Wewe umeifunika gubigubi kwa maua. Chumba chenu kiko juu ya duka lililojaa ngozi, mpira na gundi, na mke wako anakaa hapo kutwa nzima. Mengine yote katika barua yako yamenichekesha, sikufichi, nimeyasoma nikiwa nimeshika mbavu. Hilo silicheki. Nunua kasha la saizi ya kawaida ambalo vifaa vyako vyote vitaenea ndani, likiwa na kitufe ambacho nyaya zake mazabodi yako inazitambua. Makasha ya namna hiyo yapo tele, na mtu aliyeweza kuunda kompyuta nzima kwenye taulo hatashindwa kuihamisha.

Umeniuliza nani alikuwa sahihi. Jibu ni refu kidogo, vumilia, maana nina wasomaji wengi wanaogombana majumbani kwa jambo hilihili.

Swali la kujiuliza kwanza ni hili: mashine inachelewa wapi? Ikiwa inachelewa kuamka, inachelewa kufungua barua na picha, na inalemewa ukifungua mambo mengi kwa pamoja, mara nyingi diski isiyozunguka na memori ya kutosha vinamaliza kazi, na kuunda mpya ni kujichosha bure. Hapo mke wako na baba yake wako sahihi, na kwa kompyuta nyingi za nyumbani na za ofisi watakuwa sahihi. Lakini ikiwa kazi ni nzito kwa ubongo wenyewe wa mashine, kama hiyo yenu ya video, ukishahitaji prosesa na kadi ya picha, geuza kwanza kasha uangalie kiwanda kimekuachia nafasi gani. Viwanda vingi hupenda maumbo yao, plagi zao na vipimo vyao. Ni kama kununua suruali iliyoshonwa bila akiba ya kitambaa kwenye mshono. Inakutosha vizuri siku ya kwanza, lakini siku ukinenepa hakuna fundi wa kukupanulia. Hapo kuunda ndiko kunakofaa, kwa sababu vifaa vya saizi ya kawaida vinakubaliana hata vikitoka viwanda tofauti, na baada ya miaka unabadilisha kimoja bila kugusa vingine.

Kosa lako la ufundi lilikuwa dogo, ulianza kununua kabla ya kuuliza. Ungesoma vipimo vya mashine ile kabla ya kufungua skrubu ya kwanza, ungejua siku ileile kwamba kadi ya picha italeta pawa saplai, na pawa saplai italeta mazabodi, na mazabodi itawaleta ndugu zake wote. Ungempigia mke wako simu ukamwambia, "Nimepima, kwa kazi yetu kuongeza hakutoshi." Angebisha kidogo, angekutajia rafu, kisha angekubali, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anaosha vikombe akisubiri kiduara. Kwa mashine ya ofisi yenu wewe ndiye uliyekuwa sahihi, mwanangu. Ulikuwa sahihi, ukaufanya usahihi wako kama mwizi.

Sasa rudi kwenye barua yako uisome kana kwamba imeandikwa na jirani.

Mke wako kazi yake ni kutazama. Anaona picha moja iliyoruka katika video ya harusi nzima, anaona kope za bibi harusi zikicheza, halafu asione kijiko ndani ya mkono wa shati? Programu anayohariria ukiingia kwenye mipangilio yake inakuandikia jina la prosesa na jina la kadi ya picha. Yeye anaijua programu hiyo kuliko anavyolijua jiko lake. Unasema unamshukuru Mungu kwamba hajataka kubonyeza kitufe. Kwa nini asitake? Ni kompyuta yake, ni kidole chake. Na ile feni, nani aliinunua? Aliielekeza wapi? Mtu hapepei kitambaa, mwanangu. Mtu anapepea kile anachojua kimefunikwa chini yake, kwa sababu hataki ofisi iungue wakati mumewe anatafuta ujasiri.

Anajua. Naweza hata kukuambia alianza kujua lini, siku mama wa fotokopi alipokuja juu. Mtu aliyeamini kweli kwamba ni memori tu angeteremka na mgeni wake akaikague kompyuta ya chini. Yeye aligeuza kiti, akakunyooshea kalamu, akasema, "Hebu mweleze, mume wangu." Alikupa nafasi. Ukampa umeme wa chumba na chumba. Tangu hapo anajisifu mbele yako, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, ili useme, nawe unasema "ulisema". Alipoona husemi akampigia mtu mmoja tu ambaye anajua huwezi kumkoholea. Baba yako mkwe hakujialika. Ameitwa.

Inawezekana nimekosea, sijamwona. Kama nimekosea, hutapoteza kitu, utakuwa umemwambia ukweli mtu ambaye hakuujua, na ndicho ulichotakiwa kufanya tangu aliporudi. Usimwambie kwa kuanzia na sifa za kadi yako ya picha. Mwambie, "Tulipatana jambo moja, nikafanya jingine, nikakuacha ujisifu kwa lisilokuwepo." Kisha nyamaza. Akitaka kupiga kelele, apige. Akitaka kucheka, acheke, tena usiwe wa kwanza. Na amua mbele yake kwamba mtateremka wote wawili kwa mama wa fotokopi, mkamtazamie mashine yake kwa macho, maana yule mama alinunua kifaa kwa ushahidi wa uongo.

Yale mawazo yako matatu yatupe. La kuzima swichi kuu ni la mtoto. La kurudisha vitu vya zamani kwa siku moja ni la mtu anayetaka kufanya kazi mara mbili ili adanganye mara moja, na kasha umeshalikata mgongo. Hilo la tatu, la kukiunganisha kitufe, linawezekana kabisa. Kitufe hakina maajabu, kinagusisha nyaya mbili kwa muda mfupi, sawasawa na kijiko chako, na fundi yeyote angekufanyia huku mnapiga soga. Ndiyo sababu ninakukataza. Lingefanikiwa, na mzee angebonyeza, na ingewaka, na hapohapo angekukabidhi sauti ya mkewe akiamini umefanya jambo ambalo hukulifanya.

Fikiria kazi aliyoifanya maisha yake yote. Mpima ardhi anakuta mtu amehamisha jiwe la mpaka, shamba bado ni zuri, mazao yamestawi kuliko zamani, lakini jiwe limehamishwa na mwenyewe hakuambiwa. Kwake jambo hilo lina jina, wizi. Ukimwambia mwenyewe, kabla hajaligundua, jina hilo linabadilika. Kwa hiyo mpigie kabla hajaanza safari, usimngojee apande ngazi na mzigo begani. Sema, "Baba, zawadi yako ilitufikisha mahali ilipoishia nguvu. Niliahidi kuongeza, nikaishia kuunda, nikaficha kwa sababu nilikuogopa na nilikuheshimu, na nimeharibu kasha lako. Vitu vyake vyote vya ndani ninavyo." Usimweleze mambo ya plagi mpaka akuulize. Atakuuliza, namfahamu mtu wa aina hiyo, atauliza mpaka utachoka.

Unauliza kama bado ni zawadi yake. Mzee hakuwapa mazabodi. Aliwapa mwanzo wa kazi, na kazi ipo, inaendelea, imekua mpaka haikuenea tena kwenye kasha alilolileta. Hilo mwambie pia, litamfaa kuliko kitufe.

Tukija kwenye pacha yake, hapa nakuomba utulie na ufuate hatua hizi bila ubunifu wako. Usiguse skrubu hata moja kabla picha na sauti hazijanakiliwa mahali pawili tofauti, kisha zifungueni nakala hizo kwenye kompyuta nyingine, mtazame picha, msikilize sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho, naye mzee akiwepo. Kunakili bila kuhakikisha ni kuamini bahati. Mkisharidhika, fungua. Anachofanya mzee ni kutazama picha na kusikiliza, hana harusi ya kuhariri, kwa hiyo yake inahitaji kuongezwa tu, na kuunda mpya kutakuwa dhambi ya pili. Memori iliyokataliwa na mazabodi yako mpya itakubaliwa na yake bila maneno, maana mashine ni pacha. Mwekee diski isiyozunguka, na ile ya zamani usiifute, ifungie kwenye karatasi, mwandikie juu yake kilichomo, mkabidhi mkononi aiweke kabatini. Skrubu ya mwisho afunge yeye.

Bado sijakuambia jambo la haraka kuliko yote. Barua yako nimeichapisha nzima, duka la viatu likiwemo, na gazeti hili linauzwa hata mtaani kwenu. Hakuna mke duniani atakayesoma habari hii asijue ni ya kwake. Ulichoniandikia mimi ulipaswa kumwambia yeye, na bado una nafasi ya kumfikia kabla ya muuza magazeti. Kama unasoma haya na yeye yuko chumba cha pili, usifiche gazeti, usilikunje, usimalizie ukurasa. Inuka uende sasa hivi, sentensi hii itaisha hata usipokuwepo.